Mgongo wa Mama Winnie

Barua ya kwanza ilimtaka Koplo Ndalahwa Masele afike mbele ya Bodi ya kupima majeruhi wa vita "ili kuthibitisha kuendelea kwa ulemavu wake." Nilimsomea mimi, maana miwani yake ilikuwa imevunjika, na nilipofika kwenye maneno hayo nilirudi nyuma nikayasoma tena. Miguu ya mtu ilikatwa juu ya magoti mwaka sabini na tisa, ng'ambo ya mpaka, kwa bomu lililotegwa njiani. Sasa tuko mwaka tisini na nne, na kuna mtu analipwa mshahara akae ofisini ajiulize kama huenda imeota.

"Waandikie nitafika," Ndalahwa akasema.

Mimi naitwa Ishengoma. Ni fundi cherehani wa Pasiansi, Mwanza, na nyumbani kwetu ni kaskazini ya mto Kagera. Watu wa hapa hunitania kwamba Mhaya hatoi neno moja pale ambapo kumi yanatosha, nami sijawahi kuwabishia. Adui alipovuka mpaka alikula ng'ombe wa mama yangu, akakata migomba yake, akachoma nyumba. Mimi wakati huo nilikuwa Mwanza napima viuno vya watu. Aliyekwenda kuirudisha ile migomba ni Ndalahwa, Msukuma wa Kisesa ambaye hakuwahi kula ndizi ya kupika mpaka alipoingia jeshini. Kwa hiyo nikimdharau mtu kwa habari hii, naanza na mimi mwenyewe, halafu nawafuata wengine kwa zamu.

Bomu lilichukua miguu yote miwili na vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Hospitali ya jeshi ikampa miguu ya bandia ya mbao, mizito, yenye mikanda ya ngozi. Ukimfunga nayo na kumwegemeza ukutani alisimama vizuri. Kutembea ilikuwa habari nyingine: hatua tatu, nne, kisha mtu amdake. Na kuifunga mwenyewe hakuweza, kwa sababu mikanda ile inataka vidole kumi.

Nyumba yake iko juu, katikati ya yale majabali, mahali ambapo hata mbuzi hufikiri kwanza. Kila asubuhi Getruda, mkewe, ambaye sote tunamwita Mama Winnie, alimfunga mgongoni kwa kanga mbili akashuka naye hadi barazani kwangu, penye meza yake ya sigara, betri na viberiti. Jioni akampandisha. Na saa hizo mbili za siku, mtaa mzima uligeuka. Hakuna kikao kilichoamua hivyo. Anayefagia alifagia akielekea ukutani. Anayepiga mswaki aliangalia ziwa. Mimi niliangusha sindano nikainama kuitafuta, na kwa miaka kumi na miwili niliiangusha sindano hiyo kila siku mara mbili. Ndalahwa akishaketi, miguu imefungwa na suruali imeteremshwa mpaka kwenye viatu, hapo ndipo tulipoinua nyuso.

"Koplo, umeamkaje?"

"Salama, Fundi. Kazi?"

Kana kwamba ametembea. Tuliita heshima, na tulijivuna nayo. Mgeni akihamia mtaani alielekezwa kisima kilipo, na kwamba Mama Winnie akishuka, geuka.

Mgongo ndio ulioharibu mpangilio huo. Mama Winnie alianza kushuka akisimama kila jabali, halafu siku moja akakwama katikati ya njia, Ndalahwa mgongoni, asiweze kupanda wala kushuka. Nasi, kwa heshima zetu, tulikuwa tumegeuka. Walikaa pale mpaka jasho la mama lilipokauka, kisha akateremka kwa makalio, jabali kwa jabali. Daktari wa hospitali alimwambia kwa maneno machache: akiendelea kubeba, atalala kitandani asiinuke. Winnie, binti yao wa pekee, alikuwa ameolewa Shinyanga. Waliobaki ni wao wawili.

Habari ya posho ililetwa na Josephat Chenge. Huyu Chenge alikaa vita vyote Tabora akigawa mablanketi ghalani. Anachechemea kwa sababu alianguka na pikipiki akitoka kwenye pombe, mwaka themanini na tatu, na walioshuhudia wengi bado wako hai. Sasa ananunua sangara kwa wavuvi na kuwauzia wenye viwanda vya minofu, ana gari dogo la mizigo, na kwenye mafaili ya serikali ni majeruhi mkubwa wa vita, asiyeweza kujihudumia.

"Kuna nyongeza, Koplo," alisema, amekaa kwenye kiti changu cha wateja. "Juu ya pensheni ya kawaida. Inaitwa posho ya mhudumu. Ni kwa wale ambao bila mtu hawawezi. Wewe unaistahili kuliko mimi."

"Kuliko wewe hata kuku wangu anaistahili," nikamwambia.

Hakukasirika. Watu wa namna ile hawakasiriki, wanakula. "Ila ukienda mbele ya Bodi, nenda mchafu," akaendelea. "Usinyoe. Shati lichanike. Wakikuuliza kitu, lia kwanza. Mimi niliingia natambaa."

Ndalahwa alimtazama kama mtu anayetazama kitu kilichonata kwenye kiatu. Chenge alipoondoka niliongeza ombi la posho kwenye jibu letu kwa Bodi, na koplo akaniambia, "Fundi, nishonee suruali. Ya kaki. Mkunjo usimame."

Nilipaswa kukataa. Kila mtu mwenye akili angekataa. Lakini enzi hizo mitumba ilikuwa imeshaniua. Watu walichagua suruali za marehemu wa Ulaya pale sokoni wakaniletea nipunguze pindo tu, na hapa kuna mtu anataka suruali nzima, kutoka kitambaa, kwa vipimo vyake. Nilishona kwa siku mbili. Niliweka mifuko ya ndani, niliweka pindo la kuvimba kidogo lifunike vile viatu vya miguu ya mbao. Naapa ilikuwa suruali nzuri kuliko zote nilizowahi kushona, na sijawahi kujuta kazi ya mikono yangu kama nilivyoijutia ile.

Hesabu ya Mama Winnie ilikuwa rahisi. Posho ikipatikana, atakuja Maige, mtoto wa kaka yake, mwanaume wa miaka thelathini mwenye mabega, anayelima vibarua Kisesa. Maige yuko tayari kuhamia Pasiansi ambebe mume wa shangazi yake, mradi apate cha kumpelekea mkewe. Isipopatikana, mgongo ni ule ule. Basi. Hakukuwa na kitu kingine cha kujadili, na mtoto mdogo angeielewa hesabu hiyo.

Bodi ya kupima watu wasio na miguu ilikaa ghorofa ya pili, mjini, katika jengo lisilo na njia nyingine ila ngazi. Nimelifikiri jambo hili miaka yote na sijapata tusi linalolitosha. Nilimkodi Nkwabi, mbeba mizigo wa sokoni, tukampandisha Ndalahwa sisi wawili, tukamfunga miguu kwenye ujia, tukamsimamisha mlangoni akishika fremu. Tarishi akatwambia wasiohusika wakae nje. Hatua kutoka mlangoni mpaka kwenye meza zilikuwa tatu. Alizitembea. Alipiga saluti.

Ndani walikuwa Meja mmoja aliyevaa nishani zake zote, daktari mmoja na karani mmoja. Mlango haukufungwa vizuri, nikasikia kila neno.

"Koplo, unaweza kusimama?"

"Ndiyo, afande."

"Unavaa mwenyewe?"

"Ndiyo, afande."

"Unakula mwenyewe? Unakwenda chooni mwenyewe?"

"Ndiyo, afande."

Mama Winnie alikuwa amekaa sakafuni kando yangu. Alikuwa ameanza kumwogesha na kumvalisha saa kumi alfajiri. Aliposikia lile la chooni alijifunika uso kwa kanga, na sijui kama alikuwa analia au anacheka.

Tulipomteremsha nilimwuliza kwa ukali kwa nini amesema vile. Akanijibu bila kunitazama, "Afande akikuuliza kama unaweza, Fundi, kuna jibu moja tu. Nilifundishwa hivyo na sikufundishwa lingine." Nilimwambia ni mjinga. Hakukana.

Hata hivyo Bodi haikuridhika na mdomo wake tu, ikamtuma karani aje mtaani kuuliza majirani. Alikuja kijana safi, anatoka jasho kwa kupanda kilima chetu kidogo, akiwa na daftari. Alianza kwa mama anayeuza dagaa. Akamwuliza kama ni kweli Koplo Masele hubebwa.

"Abebwe ana nini?" mama yule akajibu. "Yule ni mwanaume kamili."

Akamwuliza mwalimu Pius. Mwalimu akasema katika miaka yote hajawahi kuona koplo akibebwa, na ukitazama sana alikuwa anasema kweli, kwa kuwa hakuwahi kutazama. Mjumbe wetu wa nyumba kumi akasema koplo anajiweza kuliko wengi wenye miguu. Kisha akaja kwangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Huyu Koplo Masele, anahitaji mtu wa kumhudumia?"

Ndalahwa alikuwa kwenye meza yake, umbali wa mikono miwili, ameshika pakiti ya sigara. Hakunitazama. Nilijua vizuri jibu gani litamletea Maige. Nilijua pia kwamba nikilisema, mtu huyu atalisikia kutoka kinywani mwangu, mbele ya mgeni, na kesho asubuhi tutasalimianaje? Mdomo wangu, unaosifika kwa maneno mengi, ukatoa machache kabisa.

"Anajiweza," nikasema.

Karani akaandika, akashukuru, akaenda zake. Ndalahwa akanisukumia sigara moja mezani, bure. Niliivuta yote mpaka mwisho. Ndivyo nilivyolipwa, na ilinitosha.

Jibu la Bodi lilikuja baada ya miezi miwili. "Mwombaji anajimudu katika shughuli zote za kila siku. Ushahidi wa majirani unathibitisha. Ombi limekataliwa. Anaweza kukata rufaa mara moja." Aliyeileta barua kwangu nisome ni Mama Winnie, siku ambayo Ndalahwa alikuwa na homa hakushuka. Alisimama mlangoni ameshika kiuno kwa mkono mmoja.

"Rudia hapo pa majirani," akasema.

Nikarudia.

"Na wewe, Fundi? Wewe ulimwambiaje?"

Nilimwambia. Nilimweleza pia habari ya heshima, na kwamba koplo alikuwepo pale, na kwamba mtaa mzima ulikuwa na nia njema. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, jambo ambalo kwa watu wa kwetu huchukua muda.

"Miaka kumi na miwili mnageuka," akasema. "Mnadhani mlikuwa mnamsitiri yeye. Mimi nilikuwa nabeba mtu peke yangu kwenye kilima kilichojaa watu." Kisha akaitoa ile suruali ya kaki kwenye mfuko, imekunjwa vizuri, akaiweka juu ya cherehani. "Kata."

"Niikate wapi, Mama Winnie?"

"Pale alipokatwa yeye."

Nikaikata. Nikashona mwisho wake ukafungwa, mifuko miwili mifupi ya kaki yenye mkunjo uliosimama.

Siku ya rufaa hakukodiwa Nkwabi. Miguu ya mbao ilibaki nyumbani nyuma ya mlango. Tulishuka kwenye teksi, nikamweka Ndalahwa kwenye ngazi ya kwanza ya jengo lile, na Mama Winnie akakaa kwenye benchi la pembeni, mikono mapajani. Juu yetu, kwenye kona ngazi zinapogeuka, walikuwa wamepanga foleni majeruhi wengine kama kumi: wa magongo, wa mkono mmoja, na mzee kipofu aliyeshikwa bega na mwanawe. Wote hao wamepanda wenyewe, kila mmoja kwa namna yake, ili waulizwe kama ni walemavu.

Tarishi akatokea juu. "Koplo Ndalahwa Masele."

"Nipo."

"Panda, unangojwa."

Ndalahwa akashika reli kwa mkono wa kulia. Nilidhani atajaribu, na nafikiri alidhani hivyo hivyo. Mkono ukakaza, shingo ikatoa mishipa, kisha akauachia.

"Siwezi," akasema.

"Nini?"

"Siwezi kupanda." Mara hii kwa sauti ya paredi, jengo zima lilisikia. "Mwambie afande siwezi."

Meja alishuka na daktari na karani nyuma yake, si kwa huruma, ni kwamba ngazi ile ndiyo waliyoipita kwenda kula. Akasimama ngazi tatu juu ya Ndalahwa akamtazama kichwani.

"Mara ya kwanza ulituambia unaweza."

"Nilidanganya, afande."

"Na majirani zako?"

"Tulidanganya," nikasema mimi. "Wote."

"Mtaa mzima wa waongo," Meja akasema, akamgeukia karani wake kama aliyesema jambo la busara. "Mimi siandiki nisichokiona. Huwa unabebwa na nani?"

"Mke wangu."

"Yuko wapi? Abebe basi, tuone."

Nikamwambia mama huyu ana mgongo mbovu, daktari amemkataza. Akaniuliza cheti kiko wapi. Nikasema cheti kipo nyumbani, hakikuombwa. Akasema hata kingekuwepo, cheti cha mke hakihusiki na faili la mume. Daktari wa Bodi alikuwa amesimama pale pale, mtu aliyesomeshwa kwa kodi za wakulima wa pamba, na wakati huo alikumbuka kufuta miwani yake.

Mama Winnie alikuwa ameshainuka kwenye benchi. Alivua viatu. Akampa mumewe mgongo, akachuchumaa, akazungusha kanga ya kwanza, akazungusha ya pili, akakaza fundo kifuani. Akaegemeza mkono ukutani akainuka, na mgongo wake ukatoa mlio ambao mimi niliusikia.

Alipokanyaga ngazi ya kwanza, wale majeruhi wa foleni waligeuka. Hawakuwa watu wa Pasiansi, hakuna aliyewafundisha. Mmoja mmoja walielekeza nyuso ukutani, na yule kipofu naye, aliyekuwa amesikia tu, akageuza kichwa chake upande mwingine. Waliobaki wakitazama ni Meja, karani aliyeshika kalamu, na mimi. Nilijilazimisha. Niliona ngazi zote, moja moja. Niliona vidole vya miguu vya yule mama vikikamata sementi.

Kwenye ngazi ya kumi Ndalahwa akasema, "Nishushe, Getruda. Siwezi tena."

"Nyamaza, Baba Winnie. Tumebakiza kidogo."

Meja angeweza kusema inatosha kwenye ngazi ya pili. Alikuwa ameshaona. Aliacha wafike kwenye kona, wageuke, wamalize za juu, kisha akamwambia karani, "Andika. Mhudumu: mke. Ameonekana akibeba." Akaegemeza daftari kwenye reli ya ngazi, akatia sahihi, akashuka kwenda kula.

Mama Winnie alimketisha mumewe kwenye benchi la juu, akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili. Kisha akabaki ameinama vile vile, mkono mmoja kwenye benchi. Tulidhani anapumzika. Tulimngoja kwa muda mrefu. Tulimteremsha Ndalahwa, mimi na mtoto wa yule kipofu, halafu tukarudi kumchukua yeye, na tulimshusha akiwa ameinama.

Posho ilikubaliwa, na Maige akaja kutoka Kisesa na mabega yake. Hospitali walituambia tuchangie hiki, tuchangie kile, tukachangia mtaa mzima, hata Chenge alitoa, kisha wakatuambia hakuna kilichobaki cha kufanya. Nilikwenda mwenyewe kuuliza kama posho yaweza kuongezwa, maana sasa wanaohitaji kubebwa ni wawili. Nikaambiwa mama hakupigana vita.

Mwaka uliofuata ikaja barua nyingine, ya kuthibitisha kuendelea kwa ulemavu. Nyuma yake akaja yule yule karani na daftari lile lile, asubuhi na mapema, anatoka jasho. Akanipa shikamoo, akauliza kama koplo bado ana mhudumu na kama mhudumu bado anatekeleza kazi yake.

"Kaa hapo," nikamwambia, nikamsogezea kiti cha wateja na kukigeuza kielekee mlimani. "Utaona mwenyewe."

Maige akashuka kati ya majabali na Ndalahwa mgongoni. Hakuna aliyefagia, hakuna aliyetazama ziwa. Siku hizi mtaa unatazama, na walio karibu hutoa mkono. Akamweka kwenye kiti chake, kaptula yake ya kaki imenyooka.

"Koplo, umeamkaje?"

"Salama, Fundi."

Karani akaanza kuandika. Maige akapanda tena. Aliporudi alikuwa na mtu mwingine mgongoni, mdogo, amejikunja, kanga mbili zimemzunguka. Alimteremsha taratibu kwenye mkeka kando ya meza ya betri. Kijana aliacha kuandika, akamtazama asimtambue.

"Na huyu mama ni nani?"

"Ni mhudumu wake," nikasema. "Andika."